Kupunguza Uzito Huanzia Chunguni: Somo kwa Wazazi wa Mbulu na Hanang

Kwa muda mrefu, habari za lishe katika nchi yetu zilikuwa habari za upungufu. Taasisi ya Chakula na Lishe ilipoundwa mwaka 1973, na wananchi walipokusanyika kando ya redio kusikiliza vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya mwaka huohuo na vile vya Chakula ni Uhai mwaka 1975, adui aliyetajwa alikuwa njaa pamoja na ndugu zake: utapiamlo, upungufu wa damu na udhaifu wa watoto. Adui huyo hajaondoka. Lakini amepata mwenzake ambaye wazee wetu hawakumjua sana, naye ni uzito uliozidi.

Takwimu za kitaifa zaonyesha mwendo wake waziwazi. Katika uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2004–05, wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2010 walikuwa 22, na katika uchunguzi wa mwaka 2015–16 walifikia 28. Pamoja na unene huja maradhi yanayoufuata. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1989, Profesa Donald McLarty na wenzake walipima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania, wakakuta wenye kisukari ni chini ya mtu mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64 wa mjini na wa shamba, ulikuta watu 9 katika kila 100. Vipimo hivi viwili havikuwahusu watu wa umri uleule wala wa mazingira yaleyale, kwa hiyo havilinganishwi neno kwa neno. Hata hivyo ni dhahiri kwamba jambo limebadilika.

Makala haya yanamhusu mtu mmoja hasa: mzazi mwenye shughuli nyingi, ambaye uzito wake umepanda, ambaye hana saa ya ziada katika siku yake, na ambaye, pamoja na hayo, ni mchaguzi wa chakula. Mtu huyu huambiwa mara kwa mara, "Fanya mazoezi, ule mboga." Ushauri huo ni mwema, lakini haumfikishi mbali, kwa sababu muda wa mazoezi hana na mboga hazimpendezi. Je, sayansi ina neno lolote la kumfaa? Ndiyo, inalo, na sehemu muhimu ya neno hilo ilipatikana kwa kuwachunguza watu ambao baadhi yao ni majirani zake.

Maisha Yamebadilika

Katika nyanda za juu za Mbulu, Wairaqw wamelima na kufuga kwa vizazi vingi juu ya miinuko ya Bonde la Ufa. Mtama, mahindi, maharage, maziwa na mboga za majani ndivyo vilivyojaza vyungu vyao. Kusini mwao, katika mbuga zinazouzunguka Mlima Hanang, Wabarabaig wameishi kwa ng'ombe: maziwa, samli na nyama. Chakula cha jamii hizi mbili kilitofautiana, lakini maisha yao yalifanana kwa jambo moja: chakula kilitokana na jasho la siku nzima, na kilikuwa na majira yake ya wingi na ya uhaba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sehemu ya malisho ya Hanang iligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano, chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, kwa msaada wa Kanada. Wabarabaig walipoteza malisho, na mgogoro wa ardhi hiyo ukafika mahakamani. Leo, iwe ngano imetoka Basotu au imeletwa na meli kutoka ng'ambo, andazi na chapati vimekuwa chakula cha kila siku katika miji midogo kama Katesh, Haydom, Dongobesh na Mbulu mjini. Soda, biskuti na chipsi vinapatikana dukani na kando ya barabara. Bodaboda humchukua mtu safari ambayo zamani angeikamilisha kwa miguu. Mwalimu, karani, muuza duka na fundi cherehani hufanya kazi wakiwa wameketi au wamesimama mahali pamoja.

Mwili wa binadamu haukutengenezwa kwa wingi wa kudumu. Umezoea kuweka akiba wakati wa neema ili uitumie wakati wa shida. Akiba hiyo ndiyo mafuta yanayokaa chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya tumboni. Wakati wa shida usipofika, akiba huzidi kurundikana.

Fundisho kutoka kwa Wahadzabe

Magharibi mwa nyanda za juu za Mbulu, ardhi hushuka hadi Bonde la Yaeda. Huko, na katika sehemu nyingine zinazozunguka Ziwa Eyasi, huishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanapata chakula chao kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda ya porini na kurina asali. Kwa kuwa watu hawa hutembea sana na unene miongoni mwao ni nadra, wataalamu wengi waliamini kwamba Wahadzabe hutumia nishati nyingi mno kila siku, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya wembamba wao.

Mtaalamu Herman Pontzer wa Marekani na wenzake waliamua kupima badala ya kukisia. Walitumia njia ya maji yenye alama, iliyobuniwa na Nathan Lifson katika miaka ya 1950. Mtu hunyweshwa maji ambayo haidrojeni yake na oksijeni yake ni za aina nzito kidogo kuliko ile ya kawaida. Hayana madhara, wala hayana ladha tofauti. Haidrojeni nzito hutoka mwilini kwa njia ya maji tu, yaani mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni nzito hutoka kwa njia ya maji na pia kwa njia ya kaboni dayoksaidi tunayoitoa tunapopumua. Kwa kupima mkojo wa siku kadhaa, mtaalamu huona tofauti ya mwendo wa kutoka kwa vitu hivi viwili. Tofauti hiyo humwambia ni kiasi gani cha kaboni dayoksaidi kimetoka, na kwa hiyo ni kiasi gani cha nishati mwili umeunguza. Mtu hahitaji kufungiwa chumbani. Huendelea na shughuli zake kama kawaida.

Waliopimwa walikuwa Wahadzabe watu wazima 30, wanaume 13 na wanawake 17, na matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Wanaume walitembea wastani wa kilomita zipatazo 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Lakini nishati waliyotumia haikuzidi ile inayotumiwa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini, mara ukubwa wa mwili ulipozingatiwa. Kuzingatia ukubwa ni lazima, kwani mwili mkubwa hutumia nishati nyingi kuliko mdogo, kama vile lori linavyokunywa mafuta kuliko pikipiki. Wanawake wa Kihadzabe walitumia wastani wa kilokalori zipatazo 1,900 kwa siku, na wanaume zipatazo 2,650.

Maelezo ya jambo hili bado yanajadiliwa na wataalamu. Pontzer anafikiri kwamba mwili una bajeti ya nishati kama nyumba ilivyo na bajeti ya fedha: ukitumia zaidi katika kutembea, hujibana mahali pengine pasipoonekana. Lakini hata kabla ya mjadala huo kwisha, fundisho kwa mzazi wetu ni wazi. Ikiwa mtu atembeaye kilomita 11 kila siku hatumii nishati kupita kiasi, basi wembamba wake hauelezwi na miguu yake peke yake. Ni lazima tukitazame pia chakula chake: mizizi yenye nyuzinyuzi nyingi, matunda ya porini, nyama isiyo na mafuta mengi, na utamu wa asali unaopatikana kwa kupanda mti, si kwa kunyoosha mkono kwenye kabati.

Hatusemi kwamba kutembea hakuna faida. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Wahadzabe huwa katika mwendo wa kutosha kuuharakisha moyo kwa dakika zipatazo 135 kila siku, na kwamba dalili za maradhi ya moyo miongoni mwao ni chache. Mwendo huulinda moyo, huimarisha misuli, husaidia sukari ya damu itulie, na humsaidia aliyepungua asirudie uzito wa zamani. Lakini mzazi asiye na saa ya mazoezi asikate tamaa akidhani kwamba mlango umefungwa. Mlango mkubwa zaidi uko jikoni, na jikoni hupita kila siku.

Umri na Uzazi Visilaumiwe Bure

Wazazi wengi husema, "Tangu nilipozaa mtoto wa pili mwili umekuwa mzito, hauchomi chakula kama zamani." Kauli hii nayo imepimwa. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali walikusanya vipimo vya maji yenye alama vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga wa siku nane hadi wazee wa miaka 95. Ilionekana kwamba, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, matumizi ya nishati hayabadiliki kwa jumla kati ya umri wa miaka 20 na 60. Hupungua polepole baada ya hapo.

Kwa hiyo kilichobadilika kwa mzazi wa miaka 35 si tanuri la mwili wake. Kilichobadilika ni maisha: analala kidogo, anakula harakaharaka, anamalizia makombo ya watoto ili yasitupwe, na anakunywa chai tamu ili ajikaze mpaka jioni. Hii ni habari njema, kwani umri hauwezi kurudishwa nyuma, lakini mazoea yanaweza kugeuzwa.

Hesabu ya Chungu

Kilokalori ni kipimo cha nishati iliyomo katika chakula. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kilokalori zipatazo 4. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Mama mwenye kilo 75, mwenye kimo cha sentimeta 160 na kazi za kawaida, huhitaji kiasi cha kilokalori 2,200 kwa siku ili abaki na uzito huohuo. Akipunguza kama 500 kila siku, mwanzoni anaweza kupungua karibu nusu kilo kwa wiki. Hebu tuone zinaweza kutoka wapi bila kuongeza chakula kigeni mezani.

Kwanza, sukari. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vidogo vya sukari vilivyo sawa na ukingo, hupata kilokalori zipatazo 190 kutokana na sukari pekee. Akibakiza kijiko kimoja katika kila kikombe, huokoa karibu 130. Apunguze kijiko kimoja kwanza, akae nacho wiki mbili tatu, kisha apunguze cha pili, ulimi huzoea.

Pili, mafuta ya kupikia. Alizeti hustawi Manyara na mafuta yake ni mazuri, lakini uzuri hauondoi wingi. Nyumba ya watu watano inayomaliza lita moja kwa siku tano humpa kila mtu mililita 40 kwa siku, yaani kilokalori zipatazo 330. Lita hiyohiyo ikidumu siku kumi, kila mtu huokoa karibu 165. Njia iliyo rahisi ni kupima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka chupani.

Tatu, ugali. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kilokalori zipatazo 360. Aliyezoea ugali wa gramu 250 za unga kwa mlo mmoja, akishuka hadi gramu 150, huokoa kilokalori 360 katika mlo huo. Nafasi iliyobaki katika sahani isiachwe tupu, maana njaa haina mwenyewe. Ijazwe maharage au mboga. Kikombe cha maharage kina nyuzinyuzi na protini, navyo hukaa tumboni muda mrefu.

Nne, soda. Chupa ya nusu lita ina sukari ipatayo gramu 50, sawa na kilokalori 200 na ushei. Mtu wa kilo 75 akitembea kwa saa nzima hutumia takriban kiasi hichohicho juu ya kile ambacho angetumia akiwa ameketi. Safari ya saa moja hufutwa kwa dakika tano za kunywa. Kwa mtu asiye na muda, kuiacha chupa hiyo ni rahisi kuliko kuitafuta saa ya kutembea.

Msomaji atakayejumlisha ataona kwamba haikulazimu kufanya yote manne. Mawili yanatosha kuanzia. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza pia.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu vyakula vya viwandani. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwaweka watu wazima 20 katika hospitali ya utafiti kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, na kwa wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa; kila mtu alile apendavyo. Milo iliyoandaliwa ya aina zote mbili ilikuwa na sukari, mafuta, nyuzinyuzi na nishati sawasawa. Walipokuwa katika vyakula vilivyosindikwa, watu hao walikula kilokalori zipatazo 500 zaidi kila siku, wakaongezeka uzito. Chakula laini cha paketi huliwa haraka, nalo tumbo huchelewa kutoa taarifa ya shibe. Makande na maharage humlazimisha mlaji kutafuna, na katika kutafuna huko tumbo hupata muda wa kusema, "Basi."

Mzazi Mchaguzi wa Chakula

Sasa tumfikie yule asiyependa mboga. Watu humcheka kana kwamba ana deko, lakini uchaguzi wa chakula una mizizi katika maumbile. Ladha chungu ni ishara ya sumu katika mimea mingi ya porini, hivyo binadamu huzaliwa akiikwepa na kuupenda utamu. Tena ndimi hazifanani. Mwaka 1931 mwanakemia wa Marekani, Arthur Fox, aligundua kwamba unga wa kemikali moja uliopeperuka maabarani ulikuwa mchungu sana kwa mwenzake, ilhali yeye hakuonja kitu. Mwaka 2003 wataalamu walitambua jeni inayohusika zaidi na tofauti hiyo. Kwa hiyo mnafu unaomfurahisha mke unaweza kuwa mchungu kwelikweli kinywani mwa mume, hadanganyi.

Pamoja na hayo, ulimi hufundishika. Katika majaribio yaliyotolewa mwaka 1982, Leann Birch na Diane Marlin waliwapa watoto wa miaka miwili vyakula wasivyovijua, vingine mara chache na vingine hadi mara 20. Kadiri chakula kilivyoonjwa mara nyingi, ndivyo kilivyozidi kupendwa. Watu wengi hujaribu chakula mara mbili au tatu, wakakikataa, wakahesabu shauri limekwisha, hali lilikuwa halijaanza.

Kwa mzazi mchaguzi, njia inayofaa ni hii. Aanze na vyakula ambavyo tayari anavikubali, hata kama ni vitano tu, na avipunguze kiasi kabla ya kufikiria kuvibadili. Anayependa nyama na ugali aendelee kula nyama na ugali, ila nyama ichemshwe au ichomwe badala ya kuogeshwa katika mafuta. Anayependa maziwa anywe maziwa. Mtindi ulioenguliwa mafuta yake ya juu una nishati pungufu, na protini yake haikupotea. Kisha achague mboga moja tu, ile anayoichukia kidogo kuliko nyingine, aikatekate na kuichanganya kijiko kimoja katika maharage anayoyapenda. Arudie siku nyingi bila kuongeza haraka. Vitunguu saumu, ambavyo Mbulu imejaliwa kuvilima kwa wingi, pamoja na nyanya, ndimu na chumvi kidogo, hufunika uchungu wa majani bila kuleta nishati nyingi. Karoti, boga na kabichi si vichungu kama mnafu, na vyaweza kuwa daraja la kuanzia.

Lililo muhimu ni kwamba mchaguzi asianze kwa kuapa kuacha kila anachokipenda. Kiapo cha namna hiyo huvunjika Ijumaa, na mtu hurudi pale alipokuwa akiwa amejidharau zaidi.

Chungu Kimoja, Mahitaji Mawili

Hapa pana tahadhari ambayo vitabu vingi vya ng'ambo kuhusu kupunguza uzito havina haja ya kuitaja, lakini kwetu ni ya lazima. Haydom ilikuwa moja ya sehemu nane duniani zilizoshiriki katika uchunguzi mkubwa ulioanza mwaka 2009 kuhusu utapiamlo na maradhi ya kuhara kwa watoto wadogo. Haikuchaguliwa kwa bahati. Udumavu wa watoto ni tatizo halisi katika eneo hili. Inawezekana kabisa, katika nyumba moja na kwenye chungu kimoja, mama awe na uzito uliozidi na mtoto wake awe amedumaa. Chakula kinachomnenepesha mama, yaani wanga mwingi, mafuta na sukari, ndicho hichohicho kisichompa mtoto protini, madini na vitamini za kutosha kurefuka.

Kwa sababu hiyo, mzazi anayepunguza chakula chake asipunguze cha mtoto. Mtoto mdogo ana tumbo dogo na mahitaji makubwa. Mafuta aliyookoa mama ni halali yake mtoto. Chungu kipikwe kwa mafuta machache, kisha kijiko kidogo cha mafuta au cha samli kiongezwe katika bakuli la mtoto wa miaka miwili. Uji wake ubaki na maziwa, au karanga zilizosagwa. Yai lililo moja tu nyumbani liwe lake. Vivyo hivyo, mama mjamzito asijaribu kupungua, na mama anyonyeshaye huhitaji kiasi cha kilokalori 500 za ziada kwa siku. Yeye aache soda na biskuti, lakini asijinyime chakula.

Hata hivyo, upande mmoja mahitaji haya mawili huungana. Maharage, mboga za majani, matunda, mtindi na dagaa humfaa mwenye uzito mwingi na humfaa mtoto pia. Mzazi anayejifunza kula mboga mbele ya watoto wake huwafundisha bila maneno, maana mtoto huiga kinywa cha mzazi kuliko amri yake. Kumlazimisha mtoto amalize mboga kwa kumtisha kwa kawaida humwongezea chuki ya mboga hiyo.

Usingizi na Muda

Mzazi mwenye shughuli nyingi hulala kidogo, na kulala kidogo huongeza njaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba vijana waliolala saa nne tu kwa usiku mbili walipata ongezeko la homoni inayochochea njaa na upungufu wa ile inayoleta shibe. Mwaka 2022 watafiti wa Chicago walitoa matokeo ya watu 80 wenye uzito uliozidi ambao walikuwa wakilala pungufu ya saa sita na nusu. Nusu yao walishauriwa namna ya kurefusha usingizi. Walilala zaidi kwa saa moja na kitu, nao wakala kilokalori zipatazo 270 pungufu kila siku, bila kuambiwa wapunguze chakula.

Saa hiyo haipatikani kwa kila mzazi, hasa mwenye mtoto mchanga. Lakini baba na mama wakigawana kazi za usiku na za alfajiri, badala ya zote kumwangukia mama, kila mmoja hupata sehemu yake. Maharage ya siku tatu yakichemshwa kwa pamoja Jumapili, na kuchemshwa upya kila siku mahali pasipo na jokofu, jioni ya Jumanne haitaishia kwenye chipsi kwa sababu ya uchovu. Kwa mwendo, safari ya kumpeleka mtoto shule au kwenda sokoni yaweza kufanywa kwa miguu. Haiombi muda mpya, hutumia ule uliokuwapo.

Kiasi Gani Kinatosha?

Kipimo cha kawaida hupatikana kwa kugawanya kilo za mtu kwa mraba wa kimo chake katika mita. Kati ya 18.5 na pungufu kidogo ya 25 huhesabiwa kuwa uzito unaofaa; kuanzia 25 umezidi; kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mwenye mita 1.60 hufikia 30 akiwa na kilo 77. Utepe wa fundi cherehani nao unatosha kupimia kiuno: mwanamke aliyezidi sentimeta 80 na mwanamume aliyezidi 94 wanapaswa kuanza kujihadhari.

Lakini mtu asidhani kwamba ni lazima arudie umbo la ujana wake ndipo apate faida. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa katika makundi. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58, kuliko hata kundi lililopewa dawa. Kwa mama wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu tu. Kilo hizo hazitamfanya asitambulike njiani, lakini zaweza kumwepusha na sindano za insulini, macho kufifia na vidonda vya miguu visivyopona.

Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu amwone kwanza mganga wa zahanati yake kabla ya kubadili chakula, kwa sababu kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa. Anayepungua bila kukusudia, naye asifurahi, aende akapimwe.

Basi, ndugu msomaji, usingoje siku utakayokuwa na nafasi, kwa maana mzazi hana siku hiyo. Pima kiuno chako leo kwa utepe, uandike tarehe na kipimo nyuma ya kalenda ya ukutani. Chagua mambo mawili katika yale manne ya chunguni, uyashike kwa wiki nne bila kuongeza la tatu. Kisha upime tena.